Kadzo si Kazo: Vyeti vya Pwani Mbele ya Wahakiki wa Ughaibuni

Hapa Mtwapa, ng'ambo ya daraja ukitoka Mombasa, haupiti mwezi pasipo kijana kunijia na bahasha ya vyeti. Mmoja ni muuguzi, mwingine fundi wa umeme, mwingine mpishi. Wote wana ahadi ya kazi Saudia, Oman au Qatar, na wote wameambiwa neno lile lile: vyeti vyenu sharti vithibitishwe. Hunijia mimi kwa sababu nafundisha isimu, nao hudhani kwamba mwalimu wa lugha ni tabibu wa kila karatasi.

Sipingi uthibitishaji. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba uchunguzi katika taasisi zaidi ya 300 za serikali ulikuwa umefichua watumishi 2,067 wenye vyeti vya kughushi. Mwajiri wa Riyadh akizisoma habari hizo ana haki ya kututilia shaka. Nani atakubali kudungwa sindano na mtu aliyenunua stashahada yake kichochoroni?

Njia ya zamani ya kuondoa shaka hiyo ni mihuri: cheti hutoka chuoni kikapelekwa Wizara ya Mambo ya Nje mjini Nairobi, kisha ubalozini. Mkataba wa The Hague wa 1961 ulikusudiwa kuzifupisha safari hizo kwa muhuri mmoja tu. Oman iliingia ndani ya mkataba huo 2012 na Saudia Desemba 2022. Kufikia mwisho wa 2024 Kenya ilikuwa bado haimo. Njia ya pili, ambayo sasa imeenea kwa wauguzi na madaktari waendao Ghuba, ni kukiuliza chanzo chenyewe. Kampuni ya uhakiki hukiandikia chuo moja kwa moja: je, fulani alisoma kwenu? Muhuri huchongwa na mhuni yeyote mwenye kisu kikali, bali daftari la chuo si rahisi kulichezea. Kwa hiyo njia hii ni bora, na ningeisifu bila kusita lau isingekuwa jambo moja: swali huulizwa kwa jina.

Na jina la mtu wa Pwani, msomaji, lina mambo yake. Mswahili hana jina la ukoo kwa maana ya Mwingereza. Ana jina lake, la babake na la babu yake. Mgiriama hali kadhalika, tena kwake majina hurudi: mtoto hupewa jina la babu, hata Charo akamzaa Kazungu, naye Kazungu akamzaa Charo. Karani wa mbali aonapo Kazungu Charo na Charo Kazungu hudhani ni mtu mmoja aliyepinduliwa jina, kumbe ni baba na mwana. Kinyume chake pia hutokea. Utaratibu huu si fujo. Waarabu wenyewe hutaja mtu kwa jina lake, la baba na la babu kabla ya kufikia ukoo, lakini fomu ambazo vijana wetu hujaza kwa ajili ya kwenda kwao zimefuata mtindo wa Ulaya: jina la kwanza, jina la mwisho, basi.

Juu ya hayo pana tahajia. Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ilisanifisha maneno ya Kiswahili, lakini majina ya watu yaliachwa mikononi mwa makarani. Ndiyo sababu tuna Khadija na Hadija, Athman na Othman, Saleh na Swaleh. Sauti ya Kigiriama iandikwayo dz haimo katika Kiswahili sanifu, na mwalimu aliyetoka bara huisikia kama z. Jina likifika Ghuba huandikwa tena kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina p wala ch wala irabu e na o. Pendo hukaribia kuwa Bindu, na Charo huenda akarudi kwetu akiitwa Sharo.

Binti wa jirani yangu mmoja, ambaye nitamwita Kadzo ingawa si jina lake, ni muuguzi wa miaka saba. Cheti chake cha kuzaliwa, na kwa hivyo pasipoti, vinasema Kadzo Kazungu Charo. Darasa la kwanza mwalimu alimwandika Kazo Kazungu, na Kazo huyo akamfuata mpaka mtihani wa kidato cha nne, chuoni, na katika leseni ya uuguzi. Wahakiki waliuliza habari za Kadzo Kazungu Charo. Chuo kikajibu kwa ukweli mtupu kwamba hakikuwahi kuwa na mwanafunzi wa jina hilo. Ripoti ikatoka: haikuthibitika. Hospitali iliyokuwa imemngoja ikamchukua mwingine.

Wakili alimshauri atie sahihi hati ya kubadilisha jina, itangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Sheria inaruhusu, na wengi wamepona kwa dawa hiyo. Lakini hebu tuyasome maneno ya hati hiyo kwa jicho la mwanaisimu. Mtia sahihi hutamka kwamba analikana na kuliacha jina lake la zamani. Kadzo hakupata kuwa na jina la zamani. Anatakiwa kulikana kosa la mwalimu kana kwamba lilikuwa lake, na kulipia.

Watoto wa leo wana nafuu kidogo, kwani mfumo wa NEMIS ulioanzishwa 2017 ulidai cheti cha kuzaliwa wakati wa kumsajili mwanafunzi. Wanaotafuta kazi sasa walisajiliwa kwa sikio la mwalimu. Hawa wangesaidiwa na jambo dogo: chuo kinapoulizwa, kisiishie kwenye jina. Namba ya mtihani, namba ya usajili katika Baraza la Wauguzi, tarehe ya kuzaliwa na ya kuhitimu, zote zimo daftarini, na hakuna karani anayezisikia vibaya. Msajili akiona namba zimeoana na jina limekosana kwa herufi moja, aandike hivyo badala ya kuandika hapana. Nimemwandikia mkuu wa chuo cha Kadzo barua ya kurasa mbili kuhusu sauti dz, na nakala nimempa binti huyo aiambatishe na ombi lake jipya.