Mtandao wa Nyumbani: Kugawana Intaneti na Mafaili bila ya Kuvunja Haki

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake wote. Ama baad:

Katika maswali tunayoletewa siku hizi yamo mengi yanayohusu intaneti ya nyumbani. Mmoja anauliza: jirani yangu ana Wi-Fi isiyokuwa na neno la siri, je, inafaa niitumie? Mwengine anauliza: tunachangia bando ndugu wanne, mmoja wetu anatazama mipira usiku kucha, je, ametudhulumu? Na wapo akina mama wanaouliza jambo zito zaidi: picha zao za harusini, walizopigwa wakiwa wanawake watupu ukumbini, zimeonekana na wanaume wasiokuwa maharimu zao. Hakuna aliyeiba simu wala aliyevunja kufuli. Picha zilikuwa kwenye kompyuta ya nyumbani tu.

Tumeona ni bora tueleze namna mtandao wa nyumbani unavyofungwa, na papo hapo tueleze hukumu zake, kwa sababu mambo haya mawili hayaachani.

Ruta inafanya kazi mbili

Ruta ni kile kisanduku kinachopokea intaneti, ama kwa laini ya simu iliyotiwa ndani yake au kwa waya, kisha kuigawa kwa simu na kompyuta za nyumbani. Kazi hiyo kila mtu anaijua.

Kazi ya pili wengi hawaijui. Vyombo vyote vilivyoungwa kwenye ruta moja vinaweza kupeana mafaili vyenyewe kwa vyenyewe, hata kama bando limekwisha. Darsa ya video ikishushwa mara moja na kuwekwa kwenye kompyuta ya nyumbani, watoto watano wanaweza kuitazama kwa simu zao bila ya kutumia bando tena. Vivyo hivyo vitabu vya skuli na qiraa ya Qur-ani. Hii ni neema, na ni njia ya kuepuka israfu kwa familia inayohesabu kila shilingi ya bando.

Lakini hapa ndipo penye hatari. Nyumba ina milango miwili: mlango wa intaneti na mlango wa mafaili. Mgeni akiomba neno la siri la Wi-Fi, anaomba kupita mlango wa kwanza. Kama mtandao haukufungwa vizuri, tunampa na wa pili pasi na kujua. Hivyo ndivyo shemeji, au kijana wa jirani aliyekuja kufanya kazi zake za skuli, anavyofungua orodha ya mafaili kwenye simu yake na kukuta folda ya harusi iko wazi.

Asili ya hukumu

Allah (S.W.T.) ametukataza katika Surat An-Nur, aya ya 27, kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tupate idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Na katika hadithi aliyoipokea Sahl bin Sa'd (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuna habari ya mtu aliyechungulia tunduni katika chumba cha Mtume (S.A.W.). Mtume alimkemea vikali, akabainisha kwamba idhini imewekwa kwa ajili ya jicho.

Tuizingatie maana hiyo. Mtu yule hakuingia na mguu wake, alitazama tu. Basi anayefungua folda ya nyumba ya watu kwa simu, akiwa amekaa barazani, amechungulia. Na mwenye nyumba naye ana wajibu wa kuziba matundu yake, kama anavyotia pazia dirishani.

Namna ya kuufunga mtandao

1. *Mahali pa ruta.* Iwekwe katikati ya nyumba, juu, mbali na friji na mabati. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa zinazozuia sana mawimbi. Ruta nyingi zina masafa mawili: ya 2.4 GHz hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, na ya 5 GHz ni ya kasi lakini hayafiki mbali. Chumba kisichofikiwa kabisa kivutiwe waya wa mtandao. Waya huo unafanya kazi vizuri hata ukiwa na urefu wa mita 100.

2. *Maneno mawili ya siri.* La kwanza ni la Wi-Fi. La pili ni la kuingilia ndani ya mipangilio ya ruta yenyewe, na hili ndilo linalosahauliwa. Ruta nyingi hutoka dukani na neno linalojulikana na kila mtu, na anayelijua anaweza kubadilisha kila kitu. Tazama chini ya ruta, utakuta imeandikwa anwani, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Iandike anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu iliyoungwa na ruta, ingia, kisha badilisha maneno yote mawili. Kwenye sehemu ya ulinzi chagua WPA3, au WPA2 kama ruta ni ya zamani kidogo.

3. *Mtandao wa wageni.* Ruta nyingi za sasa zinakuruhusu kuwa na mtandao wa pili, wenye jina lake na neno lake la siri. Anayeingia humo kwa kawaida hupata intaneti peke yake na haoni kompyuta za ndani. Huu ndio ukumbi wetu wa kupokelea wageni. Ndugu wa mbali, jirani na mpangaji wapewe huu.

4. *Folda ya pamoja.* Usishirikishe kompyuta nzima. Tengeneza folda moja, iite kwa mfano "Darsa na Skuli", na uishirikishe hiyo tu. Kompyuta itakuuliza nani aruhusiwe: wataje watu mmoja mmoja kwa akaunti zao, usichague "kila mtu". Watoto wape ruhusa ya kusoma tu, ili wasije wakafuta. Na kama umechomeka diski nyuma ya ruta, jua kuwa baadhi ya ruta huionesha kwa kila aliyeungwa mpaka wewe uitie neno la siri.

5. *Picha za familia na nyaraka.* Picha za wanawake, hati za nyumba, vyeti na wosia visiwekwe kwenye folda ya pamoja hata kidogo. Viwekwe kwenye diski isiyoungwa na mtandao, na nakala ya pili ihifadhiwe mahali pengine, kwani diski huharibika.

6. *Kichujio.* Ndani ya mipangilio ya ruta pana sehemu ya DNS, yaani huduma inayoelekeza majina ya tovuti. Ukiandika 1.1.1.3 na 1.0.0.3, ambazo ni anwani za bure za Cloudflare kwa ajili ya familia, tovuti nyingi za uchafu hazitafunguka katika nyumba nzima. Lakini kijana akizima Wi-Fi na kutumia bando la simu yake, kichujio hakimfuati. Malezi hayana badala.

Majibu ya maswali

*Wi-Fi ya jirani isiyokuwa na neno la siri.* Haifai kuitumia bila ya idhini yake. Mlango ulioachwa wazi haujawa ruhusa ya kuingia. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, wanahesabu manfaa ya kitu kuwa ni mali, na mwenye kuyachukua bila ya haki huwa na dhamana. Aliyekwisha kutumia amwendee jirani yake, amwambie, amlipe au aombe amsamehe. Intaneti ya msikitini au ya hoteli iliyowekwa kwa ajili ya wanaofika ni jambo jengine, kwa sababu ada yenyewe ni idhini, kwa kadiri ya walivyokusudia walioiweka.

Na mwenye intaneti naye asisahau haki ya ujirani, aliyousiwa Mtume (S.A.W.) na Jibril (A.S.) mpaka akadhani jirani atarithishwa. Kumfungulia jirani mtandao wa wageni wakati wa mitihani ya watoto wake ni sadaka nyepesi.

*Ndugu wanaochangia bando.* Hii ni shirika, na Waislamu hufungwa na masharti waliyokubaliana, maadamu hayahalalishi haramu wala kuharamisha halali. Kama mlikubaliana kila mtu atumie apendavyo, anayetazama mipira hakudhulumu katika mali. Kama mlikubaliana sawa kwa sawa, basi kuzidisha bila ya ridhaa ya wenzake ni kula haki yao. Dawa yake ni kuandika makubaliano mapema. Ruta nyingi zinaonesha kila chombo kimetumia kiasi gani, na baadhi zinaweza kuwekewa kikomo, kwa hiyo hapana haja ya kutuhumiana.

*Kuwauzia majirani.* Angalia mkataba wako na kampuni. Kama umekataza kuuza, basi usiuze, kwani umeukubali. Kugawana na watu wa nyumba yako ndiko kulikokusudiwa.

*Mwenye ruta kuchungua wanayotazama wengine.* Baadhi ya ruta huonesha tovuti zinazofunguliwa. Mzazi ni mchunga, na ana haki ya kuwafuatilia watoto wake wadogo, na bora awaambie kuwa anafuatilia. Ama kumpeleleza ndugu mtu mzima, mpangaji au mgeni, huko ni tajassus iliyokatazwa katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12. Wanandoa nao wanaingia katika katazo hilo. Kulipia bando hakumfanyi mtu kuwa mlinzi wa siri za watu wazima.

*Picha zilizokwisha kuonekana.* Mwenye picha asiyekusudia hana dhambi kwa asilolijua, lakini tangu alipojua ni wajibu wake kuufunga mlango. Aliyeziona azifute, asimpelekee mtu wala asizisimulie, na kama alizifungua kwa kusudi atubie. Kumstiri Muislamu kuna malipo makubwa kwa Allah, na kumfedhehesha mama wa watu ni mzigo usiobebeka Siku ya Kiama. Mume naye asimgombeze mkewe kwa kosa la ruta ambayo pengine aliifunga yeye mwenyewe.

Tunawausia wakuu wa nyumba watenge saa moja baada ya Isha, wakae na vijana wao wanaoijua kompyuta, wapitie hatua hizi sita. Asiyeweza amwite fundi mwaminifu, na fundi akishaondoka, mwenye nyumba abadilishe maneno ya siri mwenyewe.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) azistiri nyumba zetu, awahifadhi watoto wetu, na ajaalie elimu tuliyopewa iwe hoja kwetu na si juu yetu. Aamin.

Wallahu a'lam.