Fedha za Wauza Sukari na Elimu ya Unene

Katika mtaa wa Kinama, kaskazini ya jiji la Bujumbura, mgeni wa heshima hukaribishwa kwa chupa. Asiyekunywa pombe hupewa fanta, neno ambalo katika vinywa vya watu wa Burundi limekwisha kuwa jina la kila soda, iwe ya chungwa, ya limau au nyeusi. Harusi iliyopungukiwa na fanta husemwa vibaya muda mrefu baada ya bibi arusi kwenda kwake. Katika ukarimu huo hapana ubaya. Lakini chupa moja ya sentilita 30 ya Coca-Cola ya kawaida huwa na sukari ipatayo gramu 30, nalo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya namna hiyo isizidi gramu 50 hivi kwa mtu mzima kwa siku, na ikikomea 25 ni bora zaidi.

Huenda pakatokea mtu akauliza: nchi ambayo uchunguzi wa afya wa 2016 na 2017 uliwakuta watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ina haja gani na habari za unene? Haja ipo, kwa sababu maradhi hayo mawili hukaa nyumba moja. Mtoto aliyedumaa, akikua na kukuta kwamba chakula rahisi kupatikana mjini ni unga, mafuta na sukari, huwa katika hatari kubwa zaidi ya kunenepa na kupata kisukari. Madaktari watakaomtibu watakuwa wamefundishwa kwa vitabu na maazimio ya vyama vya mabingwa wa nchi za mbali. Ndiyo maana yafaa kujua vyama hivyo vinakula kwa nani.

Kimojawapo kilianzishwa Amerika ya Kaskazini mwaka 1982 kwa ajili ya utafiti wa unene, na tangu 2006 kinajulikana kwa jina la The Obesity Society. Mwaka 2008 jiji la New York lilitaka migahawa mikubwa iandike katika orodha ya vyakula kiasi cha kalori za kila chakula. Chama kiliunga mkono jambo hilo. Hata hivyo mtu aliyekuwa amekwisha kuchaguliwa kuwa rais wake mtarajiwa, Profesa David Allison, alitoa hati ya kiapo kwa upande wa wenye migahawa waliokuwa wakiishtaki serikali ya jiji, nao ndio waliomlipa kwa kazi hiyo. Wanachama walinung'unika, naye akaiacha nafasi hiyo.

Si wauza vyakula tu. Mwaka 2006 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilieleza kwamba kikosi cha kimataifa cha kupambana na unene, kilichokuwa kikisikilizwa sana na wakubwa wa afya duniani, kilitegemea mno fedha za makampuni ya dawa Roche na Abbott. Yote mawili yalikuwa yakiuza dawa za kupunguza uzito. Ile ya Abbott, sibutramini, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010, ilipodhihirika kwamba huongeza hatari ya maradhi ya moyo na kiharusi kwa wenye moyo dhaifu.

Hapana budi ieleweke kwamba fedha hizi si lazima ziwe rushwa. Mtaalamu anaweza kuwa mwaminifu kabisa, asibadili tarakimu hata moja, na bado mfadhili akapata alichokitaka, kwa kuwa mfadhili huchagua swali. Kampuni ya Coca-Cola ilitoa dola milioni 1.5 kuanzisha mtandao wa wataalamu uliokuwa ukisisitiza zoezi la mwili kuliko kupunguza kinachonywewa. Gazeti la New York Times lilipoufichua mwezi wa Agosti 2015, haukumaliza mwaka. Chuo Kikuu cha Colorado kilirudisha dola milioni moja, na barua zilizopatikana zilionyesha kwamba kampuni ilishiriki hata katika kuchagua viongozi wa mtandao huo. Mwezi wa Septemba kampuni yenyewe ilitangaza kuwa katika miaka mitano ilikuwa imetumia dola milioni 118.6 huko Marekani kwa utafiti na ushirika wa mambo ya afya.

Ni kweli kwamba mazoezi yana faida. Lakini mwanamke wa Kinama aendaye sokoni kwa miguu na kurudi na mzigo kichwani hangoji profesa amwambie atembee. Swali lake ni jingine, nalo halikuwa na mfadhili.

Mwaka 2013 watafiti wa Hispania na Ujerumani walizipitia makala zilizokusanya ushahidi juu ya vinywaji vya sukari na unene. Katika hitimisho 12 zisizo na mkono wa makampuni, 10 zilisema vinywaji hivyo vinaweza kunenepesha. Katika 6 za wenye uhusiano na makampuni, 5 zilisema ushahidi hautoshi. Ushahidi ulikuwa ule ule.

Watetezi wa ufadhili husema kwamba serikali hazitoi fedha za kutosha, na kwamba bila makampuni maabara zitafungwa. Neno hilo lina uzito, hasa katika nchi maskini. Ila serikali nazo zina maslahi yao. Nchini Burundi, Coca-Cola na Fanta hutengenezwa na Brarudi, kiwanda kilichoanzishwa 1955, ambacho sehemu kubwa ni ya Heineken na takriban asilimia 40 ni ya taifa. Kila kreti inayoshushwa Kinama huleta kodi na faida katika hazina ile ile inayolipa mishahara ya waganga. Katika hali hiyo anayetaka kuuliza juu ya sukari atahitaji ujasiri kidogo.

Afrika ya Mashariki iliwahi kutoa ujasiri wa namna hiyo. Daktari Derrick Jelliffe, aliyekuwa mwalimu wa tiba ya watoto huko Makerere, Kampala, alipiga kelele mwanzoni mwa miaka ya 1970 juu ya utapiamlo uletwao na biashara ya maziwa ya kopo. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni za kuizuia biashara hiyo isiwapotoshe akina mama, kwa kura 118, Marekani ikipinga peke yake. Mwaka 2016 Mkutano huo ulipokea mwongozo uliosema wazi kwamba vyama vya waganga visipokee fedha za wauzaji wa vyakula vya watoto wachanga kwa ajili ya mikutano yao. Kwa wauzaji wa soda na wa dawa za kupunguza uzito, Mkutano huo haujapitisha kanuni ya namna hiyo.