Mama, Usijibu Mtihani wa Leseni kwa Mazoea ya Wodini

Siku hizi katika vyuo vya uuguzi si wasichana peke yao wanaosoma. Utamkuta mama wa watoto watatu au wanne, aliyeanza kazi akiwa mhudumu wa wodi au muuguzi wa cheti, amerudi darasani kutafuta stashahada. Hapa Musoma huwasaidia akina mama wa namna hiyo kujisomea kila Jumamosi, tukishamaliza usafi wa kanisa. Wengine huja kwa basi kutoka Bunda, wengine hutoka Butiama na kupitia Makutano.

Kumaliza chuo peke yake hakutoshi. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, muuguzi hana ruhusa ya kufanya kazi mpaka aandikishwe na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na Baraza huwatahini wahitimu kwanza. Kwa hiyo mama aliyeuza dagaa na kukopa kwenye kikundi ili alipe ada anaweza kukaa nyumbani na cheti chake kabatini kwa sababu ya mtihani wa saa chache.

Wengi hudhani anayeshindwa ni asiyejua. Si kweli siku zote. Mama mmoja wa Bunda, mzoefu wa wodi ya wazazi, alijaribu nasi maswali ya mazoezi. Alifanya vizuri katika magonjwa ya watoto, na maswali aliyoyakosa zaidi yalikuwa ya uzazi! Tulipoyapitia moja moja, sababu ikaonekana. Alikuwa anajibu kama mtu aliye zamu ya usiku peke yake, glavu zimebaki mbili na daktari yuko mbali. Mtihani haumjui huyo. Mtihani unadhani wodi ina kila kitu na muuguzi anafuata utaratibu kama ulivyofundishwa.

Hebu tuangalie mfano. Mama amejifungua nusu saa iliyopita, anatoka damu nyingi, na mji wa uzazi ukiushika ni laini. Utafanya nini kwanza: kupima wingi wa damu, kuukanda mji wa uzazi, kuandika kwenye faili, au kuongeza kasi ya dripu? Mama yule alikimbilia dripu, kwa kuwa mkono wake umezoea hivyo. Lakini swali limekwisha kukuambia chanzo cha damu, nacho ni ule ulaini. Mji wa uzazi usipokaza, damu haitakoma. Jibu ni kuukanda. Dripu ni kweli itahitajika, lakini swali limesema "kwanza".

Sasa geuza. Mama mwenye kifafa cha mimba anakaribia kupewa dozi nyingine ya magineziamu salfeti. Utafanya nini? Hapa swali halikukupa hali ya mgonjwa, basi usikimbilie sindano. Hesabu pumzi zake, zisipungue 16 kwa dakika. Gonga goti uone kama linaitika. Angalia mkojo, usipungue mililita 30 kwa saa. Kwa maswali mengi ya namna hii, jiulize: nimekwisha kuelezwa hali ya mgonjwa? Kama ndiyo, tenda. Kama bado, pima kwanza.

Jambo jingine ni lugha. Tunahudumia kwa Kiswahili, na vijijini mara nyingi kwa Kijita, Kizanaki au Kikurya, lakini mtihani ni wa Kiingereza. Neno dogo lenye maana ya "isipokuwa" limewaangusha wengi waliojua somo. Lipigie mstari kabla hujatazama majibu. Na ukiisha kusoma swali, lifumbe jicho kidogo ujieleze kwa Kiswahili linataka nini.

Hesabu za dawa zisikutie hofu. Mililita 1000 kwa saa 8, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita: zidisha 1000 kwa 20, gawanya kwa dakika 480, upate matone 42 kwa dakika. Ukipata 420, jiulize ni nani awezaye kuhesabu matone saba kwa sekunde moja.

Daftari la dada yako aliyemaliza zamani lisome kwa tahadhari. Sisi tulifundishwa kwamba uchungu wenyewe huanza njia ikifunguka sentimita 4. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema 5. Waulize walimu wako wanafuata upi.

Mtihani wa vitendo wa chuo una hila yake. Msalimu mgonjwa, jitambulishe, omba ruhusa, nawa mikono, na useme kwa sauti unalofanya. Wazoefu huruka hayo, kumbe msimamizi ana orodha mkononi na kila moja lina alama yake.

Nyumbani nako kuna kazi. Zungumza na baba watoto mapema, si wiki ya mwisho. Kusoma usiku baada ya kuosha vyombo ni kusinzia juu ya kitabu. Wengi wetu tumefaidika na saa kumi alfajiri, nyumba ikiwa kimya. Usikubali zamu ya usiku unaotangulia mtihani. Kama kituo kiko mbali, safiri jana yake.

Na wewe unayenyonyesha, mnyonyeshe mtoto dakika za mwisho kabla ya kuingia, maana matiti yaliyojaa hayamwachi mtu afikiri. Kamua maziwa uyaache kwenye chombo safi chenye mfuniko, mahali penye ubaridi, yasikae zaidi ya muda wa saa nne, na atakayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe. Mfundishe kikombe hicho siku chache kabla, ili siku yenyewe asikikatae.