Ufa wa Zamani na Hesabu ya Profesa



Hapa Ggaba, penye mitambo inayosukuma maji ya Ziwa Viktoria kwenda Kampala, na penye mafundi wa kuchomelea vyuma, wengi wetu tumekwisha kuona chuma kikikatika ghafla. Swali huwa moja tu: nani alikuwa zamu? Miaka iliyopita mwenzetu mmoja, katika karakana tusiyoitaja, alikatwa mshahara kwa "uzembe" baada ya shafti ya pampu kuvunjika. Tulipotazama pale ilipovunjika, sehemu moja ilikuwa nyeusi kwa kutu, nyingine inang'aa. Ile nyeusi ilikuwa imepasuka zamani.

Ndiyo maana tunaeleza leo kazi ya Profesa Ted Belytschko. Alizaliwa Ukraine mwaka 1943, akasomea uhandisi Chicago, Marekani, na tangu 1977 alifundisha Chuo Kikuu cha Northwestern. Alifariki mwaka 2014. Maisha yake aliyatumia kuhesabu kwa kompyuta jinsi vitu vigumu vinavyojikunja na kuvunjika: kwanza magari yanayogongana, baadaye nyufa.

Jambo la msingi alilionyesha Mwingereza A. A. Griffith, aliyepima vioo na kuchapisha matokeo mwaka 1921. Ufa hukusanya nguvu kwenye ncha yake. Katika bamba pana la kitu kikavu kama kioo, ufa ukirefuka mara 4, bamba huvunjika kwa nusu ya mzigo wa kwanza. Fundi anayetoboa tundu kwenye ncha ya ufa kabla ya kuchomelea anaijua hesabu hiyo bila karatasi, maana ncha ya mviringo haipasui upesi.

Kompyuta hukigawa chuma katika vipande vidogo vingi, mfano wa wavu wa mvuvi, na kuhesabu mvutano wa kila kipande. Taabu ilikuwa hii: ufa ulilazimika kufuata nyuzi za wavu, na kila uliposogea wavu ulisukwa upya. Kazi ya kuchosha hata kwa mashine! Mwaka 1999 Belytschko na Tom Black walionyesha kwamba ufa waweza kuandikwa ndani ya hesabu yenyewe, ukakata katikati ya kipande, na wavu usisukwe upya ila kidogo. Mwaka huohuo, pamoja na Moës na Dolbow, aliondoa hata hicho kidogo. Njia hiyo sasa imo katika programu nyingi za wahandisi.

Lakini kompyuta haiuoni ufa. Lazima iambiwe ulipo na urefu wake, na anayeuona kwanza ni mtu wa zamu mwenye tochi na kitambaa. Basi ukiuona, uandike kwenye daftari la zamu: tarehe, mahali, milimita ngapi. Na chuma kikivunjika, mwite mjumbe wa chama akitazame kabla hakijaondolewa. Shauri la mwenzetu liliposikilizwa, shafti yake ilikuwa imekwisha kuuzwa pamoja na vyuma chakavu.