Ngano Isiondoke Kabla ya Kipimo

"Daktari, ngano nimeiacha miezi miwili sasa, na tumbo limetulia." Mgonjwa akianza hivyo najua nitamkera, maana itabidi nimwombe arudie chapati.

Ugonjwa wa siliaki si mzio, wala si tumbo kuudekea unga. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai; ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwa baadhi ya wenye jeni fulani za kurithi, vipande vya gluteni vikifika kwenye utumbo mwembamba, kinga ya mwili huvivamia na kuujeruhi utumbo wenyewe. Ukuta wa ndani wa utumbo una manyoya laini kama mahameli, na hayo ndiyo yanayofyonza chakula. Yakilala, mtu hula akashiba na bado mwili ukabaki na njaa. Mmoja atahara na kukonda. Mwingine choo chake hakina kasoro, ila damu haipandi hata ameze vidonge vya madini ya chuma mwaka mzima. Duniani inakadiriwa kwamba unampata takriban mtu 1 kati ya 100, na wengi wao hawajui.

Tiba ilichelewa kujulikana. Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliandika kwamba dawa ya ugonjwa huu imo kwenye chakula, ila hakujua ni chakula gani. Mwaka 1924 Sidney Haas, huko Marekani, akawalisha watoto wagonjwa ndizi na kuwakataza mkate. Watoto wakanenepa, sifa zote zikaenda kwa ndizi. Kumbe ndizi ilikuwa imekalia tu kiti cha mkate.

Aliyeufunua ukweli ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, ambaye tangu miaka ya 1930 alikuwa akiishuku ngano. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, miji ya magharibi mwa nchi yake ilikumbwa na njaa ya vita, watu wakafikia kula vitunguu vya maua ya tulipu. Mkate ulipoadimika, watoto wake wa siliaki walipata nafuu. Uliporudi, wakazidiwa tena. Mwaka 1950 aliyaweka matokeo ya utafiti wake katika tasnifu ya udaktari.

Nafuu hiyo hiyo ya kuacha ngano ndiyo inayonigombanisha na wagonjwa wangu wanaoiacha kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili zinazotengenezwa wakati gluteni inaliwa, na kinyama kinachochukuliwa utumboni huonyesha yale manyoya yaliyolala. Ukiacha ngano, kingamwili hushuka na manyoya huanza kusimama. Majibu yanaweza kusema huna ugonjwa, kumbe unao. Aliyekwisha kuacha hulazimika kula ngano kila siku kwa wiki 6 hivi, chini ya uangalizi wa daktari, ndipo apimwe. Ni usumbufu, nakubali. Lakini tiba yenyewe ni ya maisha yote, na mtu hafungi mdomo maisha yote kwa kubahatisha.

Ugonjwa ukishathibitika, habari njema ni kwamba meza yetu haina shida kubwa. Ugali wa mahindi, wali, muhogo, ndizi, viazi, mtama, ulezi, maharage: vyote havina gluteni kwa asili. Vitumbua na mkate wa kumimina ni vya mchele, mradi mpishi hakuongeza ngano ili vishikane. Bokoboko, kaimati na tambi, kwaheri. Sosi ya soya nayo mara nyingi hutengenezwa kwa ngano, na bia ya kawaida ni kimea cha shayiri.

Mtego uko kwenye makombo. Kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo, kwa hiyo ulezi uliosagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano haufai, wala chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya maandazi. Unga wa uji wa lishe huchanganywa vitu vingi, wakati mwingine ngano ikiwemo.

Kiswahili chenyewe nacho kina mtego wake: shayiri tunaiita shayiri, na oti nazo wengi huziita shayiri. Ya kwanza ina gluteni. Ya pili wagonjwa wengi huivumilia, ikiwa haikuchanganyika na ngano shambani au kiwandani. Mgonjwa akiniuliza kama uji wa shayiri unamfaa, namwambia aje na pakiti.