Kukereza na Kuchonga

Kilimo cha mashine huzaa haja ya vipuri. Wilayani Hanang, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, mashamba ya ngano ya Basotu yaliendeshwa na NAFCO kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970 na 1980. Mahali kama hapo, shafti ya trekta ikilika, nyingine huweza kutengenezwa karakanani kwa kipimo maalumu.

Wengi huiita kazi hiyo “kuchonga”. Neno hilo ni pana mno: huchongwa kinyago, penseli, hata meno ya gia. Twapendekeza “kukereza”, neno walilolitumia tangu kale mafundi wa mbao wa pwani kwa miguu ya vitanda. Katika kukereza, kitu chenyewe huzungushwa, na kisu hukichuna kidogo kidogo. Mashine yake ni “kerezo”.

Mfasiri asisahau kipimo. Shafti ya milimita 40 huweza kuruhusiwa kupungua milimita 0.025 tu. Hiyo tuiite “tofauti halali”, wala si “kosa”, kwani fundi aliyeifuata hakukosea. Ikiachwa katika tafsiri, beringi italegea au itakataa kuingia, na chuma kitakuwa kimepotea bure.