Masomo Mengi, Swali Moja

Elimu ni bahari, husema wahenga, nasi wa Visiwani, tuliozungukwa na maji pande zote, huiitikia methali hiyo bila kusita. Leo lakini twapenda kuwachukua wasomaji wetu hadi mahali ambapo maji yenyewe ni haba: Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, na Masasi iliyo chini yake upande wa magharibi, katika Mkoa wa Mtwara. Twapenda tuketi kwa muda katika dawati la nyuma pamoja na mwanafunzi wa huko, tupate kuona masomo yanamfikia vipi, na yakishamfikia yanamfaa nini.

Siku ya mwanafunzi huyo hukatwa vipande kwa kengele. Huanza na Hisabati, ikafuata Jiografia, kisha Historia, Baiolojia, Kiswahili na Kiingereza. Kila somo lina mwalimu wake, kitabu chake na daftari lake. Kengele ikilia, daftari hufungwa na somo hufungwa pamoja nalo. Mwulize mtoto yeyote, awe wa Newala au wa Makunduchi, anayafikiriaje masomo yake. Aghalabu atakwambia kwamba Jiografia ni majina ya milima ya mbali, Historia ni miaka ya kukariri, na Fizikia ni kanuni za kunakili kutoka ubaoni. Sisi tuliokwisha kuyaacha madawati tusimcheke, maana wengi wetu tulifikiri hivyo hivyo, na baadhi yetu tungali tukifikiri hivyo hadi leo.

Hata hivyo, mtoto wa Newala ana swali moja ambalo hulibeba kichwani pamoja na ndoo ya maji. Kwa nini wazee wake walijenga makazi mahali pasipo na mto wala kijito? Twaamini kwamba swali hili, likipewa nafasi darasani, laweza kuyafungua karibu masomo yote, na kwamba shule isiyoliuliza humnyima mwanafunzi haki yake.

Tuanze na Jiografia. Uwanda wa Makonde huinuka polepole kutoka upande wa bahari, huzidi kupanda kuelekea magharibi, kisha hukatika ghafla kwa magenge marefu yanayotazama bonde la Ruvuma upande wa kusini, na nchi ya Masasi yenye vilima vya mawe upande wa magharibi. Mtu akisimama Newala, mahali wenyeji wapaitapo Shimo la Mungu, huona nchi imefunguka chini ya miguu yake kuelekea Msumbiji. Mvua hunyesha juu ya uwanda huo. Lakini udongo wake ni wa kichanga, huyanywa maji, yakazama chini na kutokeza tena kwenye chemchemi zilizo chini ya magenge. Maji yapo, basi, ila yako chini ya miguu ya watu.

Lakini Jiografia hujibu nusu tu ya swali. Ikiwa maji yako bondeni, mbona watu wako juu? Hapo yapasa Historia iitwe. Katika karne ya 19 mabonde yalikuwa njia za misafara ya watumwa na njia za vita. Waliopanda juu walikubali kiu ili wapate usalama, kwa kuwa uwanda ulifunikwa na vichaka vizito ambavyo adui hakuweza kuvipenya kwa urahisi. Masasi, iliyo wazi chini, iliyaonja yale ambayo watu wa juu waliyakimbia. Mnamo mwaka 1882 ilishambuliwa na Wangoni waliojulikana kwa jina la Magwangwara, hata kituo cha misheni kilichokuwapo kikahamishiwa Newala, karibu na chifu Matola wa Wayao.

Msomaji wa Unguja asidhani kwamba hayo ni mambo ya mbali yasiyomhusu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1876, Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, akafika nao Masasi, na hapo wakaanzisha makazi mapya. Kwa miaka mingi iliyofuata, vijana wa bara waliletwa kusoma katika shule ya Kiungani, kusini ya mji wetu. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utotoni na kulelewa Unguja, alisoma hapo, akapewa upadri mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni hiyo, na akafanya kazi Chitangali, katika nchi hiyo hiyo tunayoizungumzia.

Tunaitaja Kiungani kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha kitabu kilichokusanya habari zilizoandikwa na wanafunzi wenyewe: jinsi walivyokamatwa, walivyouzwa na walivyofikishwa pwani. Twaweza kuwa na maoni tofauti juu ya misheni na makusudi yake. Lakini kazi ile ya darasani ina fundisho. Vijana wale walipewa kalamu, wakaambiwa waandike walichokijua, na katika insha moja wakaandika historia, wakataja njia na mito, wakasimulia mila za kwao. Hakuna aliyewaambia kwamba maisha yao hayamo katika mtihani.

Turudi kwenye ndoo. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20. Tuseme chemchemi iko mita 200 chini ya kijiji. Mwanafunzi wa Fizikia akokotoe kazi inayofanywa na msichana anayeipandisha ndoo hiyo: ataona kwamba ni jouli 40,000 kwa maji peke yake, kabla ya kuhesabu uzito wa mbebaji mwenyewe. Nyumba ikitumia ndoo tano kwa siku, kazi huwa jouli 200,000. Kisha aulize mashine ya kusukuma maji hufanya kazi kiasi gani, na kwa umeme wa fedha ngapi. Hapo ndipo atakapoelewa kwa nini mradi wa maji wa Makonde, uliopanuliwa katika miaka ya 1970 na 1980 kwa msaada wa Ufini, umekuwa mzigo mkubwa wa fedha: maji huvutwa bondeni Mitema na kupandishwa juu, na kila mashine inaponyamaza ndoo hurudi kichwani. Mtoto aliyeifanya hesabu hiyo hawezi kusema kwamba Fizikia ni kanuni za ubaoni. Pengine atauliza pia kwa nini ndoo hiyo humpata dada yake zaidi kuliko yeye, na swali hilo ni la Uraia.

Ndivyo ilivyo kwa mkorosho, ambao ndio uhai wa Newala na Masasi. Ubwiri unga unaoshambulia maua ni kuvu, na kuvu ni somo la Baiolojia. Salfa inayopulizwa shambani ni Kemia. Na mafuta ya ganda yanayobabua vidole vya wabanguaji ni Kemia pia. Serikali iliponunua korosho mwishoni mwa mwaka 2018, bei ilitangazwa kuwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mkulima mwenye kilo 450 alipaswa kutarajia shilingi 1,485,000. Katika misimu ya kawaida, chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007, kuna bei ya mnada na kuna makato, na anayeshindwa kukokotoa asilimia hana njia ya kujua kama amepunjwa au hakupunjwa. Hisabati huko ni ngao ya nyumba, na mara nyingi mwenye kuishika ni mtoto wa Kidato cha Pili anayemsomea baba yake karatasi ya malipo.

Sasa tufikie jambo zito kuliko yote. Mtoto huyu huongea nyumbani Kimakonde, Kimakua au Kiyao. Katika shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili. Akiingia Kidato cha Kwanza, karibu masomo yote hubadilika kuwa ya Kiingereza. Mtoto aliyeweza jana kueleza maji ya mvua yanakwenda wapi, leo anaulizwa jambo lile lile kwa lugha asiyoimudu, akainamisha kichwa. Ukimya huo huandikwa katika ripoti kuwa ni ujinga. Sisi hatukubali. Kujua jambo ni kitu kimoja, na kujua jina lake la Kiingereza ni kitu kingine. Kiingereza kifundishwe, tena kifundishwe vizuri kuliko sasa, lakini kisiwe mlango ambao maarifa mengine yote hayana budi kusubiri nje yake. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa sasa sekondari kwa Kiswahili, limeonyesha kwamba jambo hilo lawezekana wakati nia ipo.

Wako watakaotujibu kwa kumtaja Rais Benjamin Mkapa. Alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938. Akapitia Ndanda, Kigonsera na Pugu, akahitimu Makerere mwaka 1962 katika somo la Kiingereza, akawa mhariri wa magazeti na hatimaye Rais wa Awamu ya Tatu, kuanzia 1995 hadi 2005. Je, mbona yeye aliweza? Twamheshimu marehemu, na watoto wa Masasi wana haki ya kujivunia jina lake. Lakini shule ya zama zake ilikuwa chekeche: ilikusudiwa kupitisha wachache na kuwabakiza wengi. Ni serikali yake mwenyewe iliyofuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, na tangu mwaka 2016 ada imeondolewa hadi Kidato cha Nne. Shule ya leo imefunguliwa kwa wote. Haifai kuipima kwa wale waliopenya peke yao.

Tumekwisha kuwa na fikra nzuri nchini mwetu kabla ya leo. Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 ilitaka shamba la shule liwe sehemu ya somo, mwanafunzi apime mbolea, alinganishe mavuno na kujadili matokeo. Mahali pengi jembe lilibaki jembe tu: wanafunzi walilima, na hakuna aliyewauliza walichojifunza. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024, pamoja na mkondo wake wa amali, unaweza kuangukia shimo lile lile iwapo amali itageuzwa kuwa chumba cha walioshindwa, na masomo mengine yabaki ya kukariri.

Kwa hiyo twawaomba wenye dhamana ya elimu, wa Bara na wa Visiwani, wayatazame mambo matatu. Kwanza, mwalimu apewe muda na idhini ya kulitoa somo nje ya darasa, hadi chemchemi, ghala la korosho au ukingo wa genge, bila kuhofia kwamba mkaguzi atamhesabu kuwa mtoro. Pili, mitihani iulize angalau swali moja ambalo jibu lake haliko kitabuni bali katika mazingira ya mtahiniwa. Maana walimu hufundisha kinachoulizwa, na hatuwezi kuwalaumu kwa hilo. Tatu, suala la lugha ya kufundishia lisiahirishwe tena kwa semina na maazimio, kwa sababu kila mwaka linapoahirishwa kuna kidato kizima cha watoto kinachonyamazishwa.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Mtoto akirudi jioni tusimwulize amekuwa wa ngapi tu. Tumwulize amejifunza nini leo ambacho chaweza kutueleza jambo la hapa kwetu. Akikosa jibu siku ya kwanza, tumwulize tena siku ya pili, na mwalimu wake tumwulize pia.